Barbara McClintock: Mwanamke aliyesoma siri za jeni kwenye punje za mahindi

Mnamo Oktoba 1983, redio nchini Marekani zilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka huo imekwenda kwa mtu mmoja peke yake, mwanamke mwenye umri wa miaka 81 ambaye maisha yake yote alichunguza mahindi. Mshindi mwenyewe alizipata habari hizo kama wasikilizaji wengine, kupitia redio, kwani hakuwa na simu nyumbani. Inasimuliwa kuwa baada ya kusikia, alivaa nguo zake za kila siku akatoka kwenda kuokota jozi zilizoanguka chini ya miti.

Jina lake lilikuwa Barbara McClintock. Aligundua kwamba vipande vya urithi vilivyomo ndani ya seli havikai mahali pamoja milele. Vingine huruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na vikitua karibu na jeni huweza kuizima au kubadili inavyofanya kazi. Aliyagundua hayo katika miaka ya 1940, kabla umbo la DNA halijajulikana, akitumia hadubini, macho yake na shamba dogo. Miaka 40 baadaye, vipande hivyo hivyo viligeuka kuwa chombo ambacho watafiti walikitumia kutenga jeni za mimea ya chakula na kuchunguza swichi zinazoziongoza.

Msomaji aliyekulia shambani huenda amewahi kumenya hindi akakuta punje nyeupe zimechanganyika na za zambarau, au punje yenye madoadoa kama yai la kanga. Wengi wetu hulipukuchua hindi la namna hiyo pamoja na mengine na kulisahau. McClintock aliyatazama madoa hayo kwa karibu nusu karne.

Binti ambaye mama yake aliogopa hataolewa

Alizaliwa Juni 16, 1902 mjini Hartford, jimbo la Connecticut, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Kwanza aliitwa Eleanor, lakini wazazi wake wakaona jina hilo ni laini mno kwa mtoto mwenye msimamo kama yule, wakamwita Barbara. Baba yake alikuwa daktari. Mwaka 1908 familia ilihamia Brooklyn, New York, na huko ndiko Barbara alikosoma hadi kumaliza sekondari mwaka 1919.

Alitaka kwenda chuo kikuu. Mama yake alikataa, akihofia kwamba msichana aliyesoma sana hatapata mume. Baba, aliyekuwa Ulaya na jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliporudi aliunga mkono matakwa ya bintiye, na mjadala ukaishia hapo. Barbara alijiunga na chuo cha kilimo katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca. Ada haikuwa tatizo, kwa sababu wakazi wa jimbo la New York walisoma kilimo hapo bila kulipa.

Chuoni alipiga banjo katika bendi ya jazi na akakata nywele fupi wakati wasichana wengi walikuwa bado hawajathubutu. Mwaka 1921 alihudhuria somo la jenetiki. Elimu hiyo ilikuwa changa, kwani kazi ya Gregor Mendel kuhusu urithi wa njegere ilikuwa imefufuliwa mwaka 1900 tu baada ya kusahaulika kwa miongo kadhaa. Mwalimu wa somo, C. B. Hutchison, aliona hamu ya mwanafunzi huyu akampigia simu kumwalika kwenye darasa la wanafunzi wa shahada za juu. Tangu simu ile hakutazama nyuma. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1923, ya uzamili mwaka 1925, na ya uzamivu katika botania mwaka 1927.

Nyuzi kumi chini ya hadubini

Ndani ya kiini cha kila seli kuna nyuzi zinazoitwa kromosomu, na jeni zimepangwa juu yake. Wataalamu wa mahindi walijua kwamba mmea huu una jozi 10 za kromosomu, ila hawakuweza kuzitofautisha. Kwenye hadubini zilionekana kama rundo la nyuzi tu. McClintock alichukua seli changa zinazotengeneza chavua, zile zilizomo kwenye mbelewele, akazitia rangi nyekundu iitwayo karmini na kuzibana taratibu chini ya kioo. Kisha akakaa anatazama. Baada ya muda aliweza kumtambulisha mtu kila kromosomu kwa urefu wake, kwa mahali inapobanwa katikati, na kwa vinundu vilivyomo juu yake. Mtafiti aliyekuwa bosi wake alikuwa amehangaika na tatizo hilo kwa muda mrefu, na inaelezwa kwamba hakufurahi kuona msaidizi wake amelimaliza haraka. Wakaacha kufanya kazi pamoja. Mwaka 1929 McClintock alichapisha mchoro wa kromosomu zote 10 za mahindi.

Mwaka huo huo alifika Cornell mwanafunzi kijana, Harriet Creighton, na McClintock akampa swali ambalo wengi wangelitunza kwa ajili yao wenyewe. Wanasayansi waliamini kwamba mzazi anaporithisha tabia, kromosomu mbili za jozi moja hubadilishana vipande. Waliamini hivyo kutokana na hesabu za watoto wanaozaliwa, lakini hakuna aliyekuwa ameona vipande vyenyewe vikibadilishana.

Wanawake hawa wawili walitumia mahindi yenye kromosomu ya tisa isiyo ya kawaida, iliyokuwa na kinundu upande mmoja na kipande cha ziada upande mwingine. Katikati ya alama hizo zilikuwepo jeni mbili: moja ya rangi ya punje, nyingine ya aina ya wanga. Waliotesha, wakachavusha kwa mkono, wakavuna, kisha wakalinganisha punje na kromosomu. Pale ambapo tabia za punje zilikuwa zimebadilishana, kinundu na kile kipande cha ziada navyo vilikuwa vimetengana.

Thomas Hunt Morgan, bingwa wa jenetiki ya nzi, alipotembelea Cornell aliwahimiza wachapishe mara moja bila kungoja mavuno mengine. Ilikuwa mwaka 1931. Wiki chache baadaye Mjerumani Curt Stern alichapisha ushahidi kama huo kutoka kwa nzi. Laiti wangengoja msimu mmoja zaidi, wangekuwa wa pili. Somo hilo la kubadilishana vipande ndilo wanafunzi wa biolojia wa kidato cha tano na sita hulikariri hadi leo, mara nyingi bila kusikia kwamba lilithibitishwa kwenye shamba la mahindi.

Sifa bila kazi

Mtu angedhani baada ya hapo vyuo vingemgombania. Haikuwa hivyo. Kwa miaka kadhaa aliishi kwa misaada ya utafiti ya muda, akihama kutoka Cornell kwenda Missouri na California na kurudi tena. Uchumi ulikuwa umeanguka, na nafasi za ualimu wa vyuo vikuu katika sayansi zilikuwa chache sana kwa wanawake hata nyakati nzuri.

Mwaka 1933 alipata ufadhili wa Guggenheim kwenda Ujerumani. Alikuta Hitler ameshashika madaraka. Stern, aliyetaka kufanya naye kazi, alikuwa Myahudi na hakurudi tena nchini mwake. McClintock alikaa Berlin na baadaye Freiburg, akashindwa kuvumilia hali aliyoiona, akarejea Marekani mwaka 1934 kabla muda wake haujaisha.

Mwaka 1936 hatimaye alipata kazi ya uhadhiri katika Chuo Kikuu cha Missouri. Alikaa miaka mitano. Alihisi anatengwa katika mambo ya idara na aliamini kwamba hatapandishwa cheo, basi mwaka 1941 akaondoka bila kujua anakwenda wapi. Jambo lililomsumbua zaidi ya mshahara lilikuwa mahali pa kupanda mahindi yake msimu huo. Alipata shamba huko Cold Spring Harbor, kituo cha utafiti kando ya bahari kwenye kisiwa cha Long Island karibu na jiji la New York. Mkurugenzi mpya wa kitengo cha jenetiki cha Taasisi ya Carnegie hapo, Milislav Demerec, akampa nafasi ya mwaka mmoja, kisha ya kudumu. Hakuwa na wanafunzi wa kufundisha wala vikao vya idara. Aliishi hapo hadi uzeeni.

Heshima zilianza kumfuata. Mwaka 1944 alichaguliwa kuingia Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, akiwa mwanamke wa tatu tu katika historia yake. Mwaka 1945 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Jenetiki cha Amerika. Tunayataja haya kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba alikuwa mtu asiyejulikana. Alijulikana vizuri. Yaliyokuja baadaye yanaumiza zaidi kwa sababu hiyo.

Madoa yanayosimulia

Akiwa Missouri alikuwa amechunguza kromosomu zilizovunjika. Aliona kwamba ncha zilizovunjika hushikana, seli inapogawanyika huvutwa pande mbili hadi zikatike tena, na mzunguko huo huendelea. Katika majira ya 1944 hadi 1945 aliotesha mahindi ambayo wazazi wote wawili waliyarithisha kromosomu ya tisa iliyovunjika. Miche ilitoka na majani yenye mistari na mabaka ya ajabu.

Kati ya mabaka hayo aliona mengine yamekaa pacha: bade moja lina mistari mingi kuliko mmea mzima, na la jirani yake lina michache. Seli mbili dada, zilizotoka kwenye seli moja, zilikuwa zimetofautiana. Alihitimisha kwamba seli moja ilipoteza kitu na dada yake akakipata kitu hicho hicho. Sasa ikabidi akitafute.

Ilimchukua miaka. Kwanza aligundua mahali kwenye kromosomu ya tisa ambapo mvunjiko hutokea mara kwa mara, akapaita kwa kifupi Ds. Kisha akagundua kwamba Ds haifanyi lolote peke yake. Inahitaji kitu cha pili kiwepo ndani ya seli, nacho akakiita Ac, yaani kiamshaji. Kufikia mwaka 1948 aliona jambo ambalo mwanzoni yeye mwenyewe hakulitarajia: Ds ilikuwa imehama. Jana ilikuwa hapa kwenye kromosomu, leo iko pale, na Ac nayo huhama.

Punje ndizo zilizomwonyesha. Chukua punje ambayo kwa kawaida ingekuwa ya zambarau. Ds ikitua kwenye jeni ya rangi, jeni huzimika na punje hubaki haina rangi. Lakini punje inapokua, seli zake zinagawanyika maelfu ya mara, na ikiwa Ac imo, katika seli moja Ds huondoka. Jeni hupona. Seli hiyo na watoto wake wote hutoa rangi, nasi tunaona doa la zambarau juu ya punje iliyopauka. Doa kubwa maana yake Ds iliondoka mapema, wakati seli hiyo ilikuwa bado na vizazi vingi mbele yake. Doa dogo maana yake iliondoka mwishoni. Tena, Ac ikiwa nyingi zaidi ndani ya punje, madoa huwa madogo zaidi, kwa kuwa kuhama kunachelewa.

Kwa hiyo kila punje ilikuwa rekodi ya kilichotokea ndani yake, na lini. McClintock alizisoma moja baada ya nyingine, akaweka kumbukumbu kwenye kadi, akaamua ni zipi zioteshwe mwaka unaofuata. Mimea yake aliichavusha mwenyewe, akifunika mahindi machanga kwa mifuko kabla ndevu hazijatoka ili chavua ya kigeni isiingie. Mahindi hutoa zao moja kwa mwaka katika hali ya hewa ya huko, labda mawili kwa msaada wa nyumba ya vioo. Swali moja liligharimu mwaka.

Kilichomvutia kuliko kuhama kwenyewe kilikuwa jambo jingine. Seli zote za mmea zina jeni zile zile, lakini jani si mzizi, na mzizi si punje. Lazima kuwe na kitu kinachoziamuru jeni wapi na lini zifanye kazi. Aliamini amekipata. Ndiyo maana hakuviita vipande vyake jeni zinazoruka. Aliviita vidhibiti.

Ukumbi uliokaa kimya

Mwaka 1950 alichapisha ugunduzi wake katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi. Kiangazi cha 1951 aliueleza kwa kirefu mbele ya wenzake kwenye kongamano la kila mwaka la Cold Spring Harbor. Mapokezi yalikuwa ya baridi. Wengine hawakuelewa, wengine walinung'unika. Data ilikuwa nyingi mno, maelezo yalikuwa magumu, na wakati ule jeni ilifikiriwa kuwa kama shanga kwenye uzi, isiyoondoka mahali pake. Baada ya majaribio kadhaa zaidi ya kuwaeleza wenzake, kuanzia mwaka 1953 hivi aliacha kupeleka kazi hiyo kwenye majarida makubwa. Matokeo aliyaandika katika kitabu cha mwaka cha Taasisi ya Carnegie, ambacho wasomaji wake walikuwa wachache, na akaendelea kupanda.

Hapa ndipo hadithi yake hupambwa kupita kiasi. Wapo wanaosimulia kwamba hakuna aliyemwamini kwa miaka 30 kwa kuwa alikuwa mwanamke. Ubaguzi aliupata, na tumeona ulivyomnyima kazi. Lakini wataalamu wenzake wa mahindi walikubali mapema kwamba vipande huhama. Alexander Brink na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walikiona kipande cha aina hiyo kwenye mahindi yao na kukithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kilichokataliwa kilikuwa dai kubwa zaidi, kwamba vipande hivyo ndivyo vinavyoongoza ukuaji wote wa kiumbe. Na dai hilo, jinsi alivyolieleza, halikuthibitika. Mmea haupangi majani na mizizi yake kwa kurusha vipande vya kromosomu huku na kule.

Hata hivyo swali lake lilikuwa sahihi, na aliliuliza kabla ya wengi. Mwaka 1961 Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walionyesha kwamba bakteria wana sehemu maalumu za DNA zinazowasha na kuzima jeni za jirani. McClintock alifurahi. Mwaka huo huo aliandika makala kuonyesha jinsi mfumo wao unavyofanana na ule alioukuta kwenye mahindi. Jacob na Monod walipata Nobel mwaka 1965.

Yeye alikuwa na kazi nyingine pia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 alisafiri Amerika ya Kati na Kusini kufundisha watafiti na kuchunguza vinundu vya kromosomu za mahindi ya wenyeji, ili kujua mbegu zilisafirije na watu kutoka eneo hadi eneo. Alistaafu rasmi mwaka 1967. Kustaafu huko kulikuwa kwa karatasi tu, kwa sababu aliendelea kwenda maabara.

Mbuzi mwenye kengele

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vipande vinavyohama vilionekana kwenye bakteria. Kisha vikaonekana kwenye nzi na kwenye hamira, na hatimaye kila mahali vilipotafutwa. Ghafla watu walianza kuzitafuta makala za zamani za McClintock. Medali ya Taifa ya Sayansi ya mwaka 1970 ilifuatiwa na tuzo nyingine mfululizo, na mwaka 1983 ndipo redio ikatangaza ile ya Nobel. Hakuna mwanamke aliyewahi kabla yake kuipata Nobel ya Tiba bila kugawana na mtu.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea Baltimore, kwenye maabara nyingine ya Taasisi ya Carnegie, na kwa mkulima huenda hiyo ndiyo yenye uzito zaidi. Nina Fedoroff, mtaalamu wa DNA ambaye alikuwa hajawahi kufanya kazi na mahindi, alikwenda kwa McClintock kujifunza, akarudi na mbegu zake. Pamoja na wenzake Sue Wessler na Mavis Shure walitenga jeni ya wanga inayoitwa waxy, moja ya zile ambazo Creighton na McClintock walizitumia mwaka 1931. Kisha wakachukua mahindi ambayo jeni hiyo ilikuwa imezimwa na Ac, wakatafuta kipande kilichoingia ndani yake. Mwaka 1983 walitangaza kwamba wamezishika Ac na Ds zenyewe. Ac ilikuwa na urefu wa takriban herufi 4,500 za DNA. Ds nyingi zilikuwa Ac zilizomeguka, na ndiyo maana hazikuweza kuhama zenyewe.

Kwa nini lilikuwa jambo kubwa? Fikiria ugumu wa kutenga jeni wakati ule. Kromosomu za mahindi zina herufi zaidi ya bilioni 2. Mtafiti anajua kuna jeni ya rangi mahali fulani kwa sababu anaona punje, lakini hajui herufi zake, na hajui protini inayotokana nayo. Ni kutafuta nyumba usiku katika mji ambao hujawahi kufika. Lakini kama kuna mbuzi mwenye kengele aliyeingia kwenye nyumba hiyo, utafuata kengele. Ac ndiyo mbuzi. Herufi zake sasa zinajulikana, hivyo inatosha kupata mmea ambao jeni inayotafutwa imezimwa na Ac, kuikamata Ac na kuchukua DNA iliyoizunguka. Hiyo DNA ya pembeni ni jeni yenyewe.

Mwaka 1984 Fedoroff na wenzake walifanya hivyo kwa jeni iitwayo bronze, ambayo ikiharibika punje huwa na rangi ya shaba. Njia ikafunguka. Mwaka 1986 Ac ilihamishiwa kwenye tumbaku na ikaendelea kuruka humo. Mwaka 1994 watafiti walitumia Ds ya mahindi kutenga Cf-9, jeni inayoikinga nyanya dhidi ya ukungu wa majani.

Mfano mwingine uko kwenye sahani ya ugali. Mahindi mengi ya kula Afrika Mashariki ni meupe, na tofauti kati yake na ya njano iko hasa kwenye jeni moja, Y1. Mwaka 1990 ilitengwa kwa kutumia familia nyingine ya vipande vinavyohama, iitwayo Mutator. Ni jeni ya hatua ya mwanzo katika kutengeneza karotenoidi, rangi ya njano ambayo baadhi ya aina zake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Muhindi mweupe una karotenoidi kwenye majani yake kama kawaida. Ni ndani ya punje tu ambamo taa haikuwashwa.

Mambo ya taa kuwaka chumba kimoja na kuzimika kingine ndiyo yanayoongozwa na promota, kipande cha DNA kinachotangulia jeni. Mashine ya seli inayonakili jeni hutua hapo kwanza, na protini nyingine hushika hapo kuihimiza au kuizuia. Kipande kinachohama kikitua katikati ya jeni, huivunja. Kikitua kwenye promota, jeni inabaki nzima ila hubadilika wapi inafanya kazi, lini, na kwa kiasi gani. Mtafiti akishaitenga jeni, anaweza kurudi nyuma kidogo kwenye uzi wa DNA, akakata promota yake na kuiunganisha na jeni ya bakteria inayotoa rangi ya buluu. Akiiweka kwenye mmea, sehemu zitakazogeuka buluu ndizo ambazo promota huwasha. Njia hiyo ya rangi ya buluu ilianza kutumika kwenye mimea mwaka 1987, na McClintock, aliyeanza na madoa ya zambarau, alikuwa hai kuiona.

Alifariki Septemba 2, 1992, mjini Huntington karibu na Cold Spring Harbor, akiwa na miaka 90. Hakuwahi kuolewa.

Mwaka 2009 watafiti walipomaliza kusoma herufi za DNA ya mahindi, walikuta karibu asilimia 85 ni vipande vya aina inayohama, vingi vikiwa vimekufa zamani. Miaka miwili baadaye ilipatikana alama ya kimoja kati yao. Babu wa mahindi ni nyasi ya Mexico iitwayo teosinti, yenye matawi mengi na masuke madogo. Jeni moja, tb1, ndiyo inayozuia matawi, nayo ilikuwa imetengwa katika miaka ya 1990 kwa njia ile ile ya mbuzi mwenye kengele. Umbali wa takriban herufi 60,000 kabla ya jeni hiyo, mbali kabisa na promota yenyewe, kuna kipande kilichoruka na kutua zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kwa sababu yake tb1 hufanya kazi kwa nguvu zaidi, na mmea husimama na shina moja. Wakulima wa kale wa Mexico waliipenda mimea ya namna hiyo, wakaitunza mbegu yake.